Kutoka gunia la Kasulo hadi programu za benki: nani anajua kipande cha pamoja kimefika wapi?

KOLWEZI – Mwaka 2014, mkaaji mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba shimo katika parseli yake na kukuta mawe meusi yenye kobalti. Habari haikufichika. Majirani nao walianza kuchimba kwao, wengine wakatoboa sakafu za vyumba walimolala, na muda si mrefu chini ya nyumba za Kasulo kukawa na njia nyingine ambazo hazikuonekana kwenye ramani yoyote.

Mwaka 2017, serikali ya jimbo la Lualaba, wakati wa gavana Richard Muyej, ilifikia makubaliano na Congo Dongfang Mining, CDM, kampuni iliyo chini ya Zhejiang Huayou Cobalt ya China. Familia zilihamishwa, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na wachimbaji wakaanza kuingia kupitia mlango wenye walinzi, chini ya ushirika, na kumuuzia mnunuzi mmoja.

Juu ya ukuta huo watu wa Kasulo wana mengi ya kusema, na si yote ya sifa. Lakini jambo moja uliwezesha: mtu anayepokea gunia aweze kusema limetoka wapi. Kabla ya hapo ilikuwa vigumu. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongomani la Afrewatch, iliyotolewa Januari 2016, ilieleza kwamba wanunuzi wa depo walikuwa wakipokea madini bila kuuliza yamechimbwa wapi wala na nani. Gunia la Kasulo, gunia la kariere nyingine, gunia lililookotwa kwenye mabaki ya kiwanda, yote yalimwagwa juu ya rundo moja. Gunia likiwa bado limefungwa linaweza kujibu swali. Likishamwagwa, hata aliyelibeba mgongoni hawezi tena kuonyesha mawe yake.

Rundo la namna hiyo liko pia ndani ya kompyuta. Ni shida ambayo waandishi wa programu wameishi nayo tangu miaka ya 1960, hasa wale wa mashine kubwa zinazoitwa meinfremu, na inatuhusu sisi wa Lualaba kwa sababu mbili. Kwanza, malipo ya shaba na kobalti yetu hupita katika benki kubwa za dunia, na nyingi kati ya hizo bado zinaendesha hesabu zao kwa programu za zamani sana. Pili, magunia, lebo, uzani na viwango vya kuuza nje vinaingia sasa katika kompyuta hapa kwetu, na vijana watakaoandika programu hizo wako shuleni leo.

Kipande kinachochukuliwa na wote

Meinfremu si kompyuta ya mezani iliyokuzwa. Ni mashine iliyotengenezwa ili kushughulikia mamilioni ya hesabu kwa siku bila kuzimika. IBM ilitangaza familia yake maarufu ya System/360 mwezi wa Aprili 1964, na wazao wa mashine hizo bado wako kazini. Lugha inayotumika sana humo kwa kazi za fedha ni COBOL, ambayo kazi ya kuiunda ilianza mwaka 1959. Mtu anayecheka kwamba hiyo ni lugha ya mababu, akumbuke kwamba kadi anayotumia akiwa Dubai huenda inajibiwa na lugha hiyohiyo.

Katika COBOL kuna kitu kinaitwa kopibuku. Ni kipande cha msimbo kinachoeleza umbo la taarifa fulani. Tuseme ni taarifa ya mteja wa benki: nafasi 10 za namba ya akaunti, nafasi 28 za jina, kisha salio. Benki ina mamia ya programu zinazohitaji kusoma taarifa hiyo: moja inalipa mishahara, nyingine inahesabu riba, nyingine inachapa karatasi ya mwisho wa mwezi. Badala ya kila mwandishi kuandika umbo hilo upya, kila programu inasema kwa neno moja: chukua kopibuku ile. Ni akili nzuri. Inapunguza kazi na makosa.

Ubaya unaingia pale programu inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Saa hiyo kipande kinamezwa ndani yake. Ukibadilisha kopibuku kesho, programu iliyogeuzwa jana haijui. Inaendelea na umbo la jana tumboni mwake.

Sasa fikiria kwamba wakuu wameamua jina la mteja lipewe nafasi 40 badala ya 28. Programu ya riba inageuzwa upya siku ya Jumanne na umbo jipya. Programu ya mishahara imesahauliwa. Bado ina umbo la zamani. Zote mbili zinafungua faili moja. Ya riba inatafuta salio kuanzia nafasi ya 51, ya mishahara inalitafuta kuanzia nafasi ya 39, mahali ambapo sasa kuna herufi za jina. Mara nyingine mashine itagoma, na hapo umepata bahati, kwa sababu mtu ataitwa. Mara nyingine haitagoma. Itatoa namba, na namba hiyo itakuwa ya uongo.

Wakongomani wenye umri wanaweza kuelewa jambo hili bila kufundishwa kompyuta. Mwaka 1993 tulipewa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: franka moja ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za kwanza. Programu yoyote ya mishahara iliyoandikwa na nafasi 7 za tarakimu, kwa imani kwamba hakuna mfanyakazi atakayelipwa zaidi ya hapo, ilikuwa imekufa kabla ya noti mpya kuchapwa. Kupanua nafasi hizo ni kazi ya dakika moja. Kutafuta kila programu iliyomeza umbo la zamani, hiyo ndiyo kazi.

Orodha ya majimbo

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 2015 Kongo ilitoka majimbo 11 hadi 26. Katanga ikagawanywa mara nne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba. Kolwezi ikawa mji mkuu wa jimbo.

Orodha ya majimbo ni kitu kidogo, mistari 26 tu. Lakini inakaa wapi? Iko kwenye forodha, kwenye hospitali, kwenye uchaguzi, kwenye kampuni za simu, kwenye benki, kwenye fomu za shule. Kila aliyeandika programu alihitaji orodha hiyo, na njia nyepesi ni kuinakili na kuendelea na safari. Penye nakala mia, mabadiliko ya 2015 yalihitaji mtu apite mlango kwa mlango mara mia. Penye orodha moja inayosomwa na wote, mtu mmoja anabadilisha asubuhi na kufika jioni kila mahali kunasema Lualaba. Na akikosea herufi, kila mahali kunakosea pamoja naye. Hilo nalo lisemwe, maana wapo wanaouza mfumo wa pamoja kama dawa isiyo na uchungu.

Kuna tatizo la tatu hapo ambalo wengi hawalioni mpaka limewauma. Mtoto aliyezaliwa Kolwezi mwaka 2010 alizaliwa Katanga. Cheti chake kinasema hivyo na hakisemi uongo. Ukifuta orodha ya zamani na kuweka mpya, mashine itakataa cheti cha mtoto huyo, au itambadilishia mahali pa kuzaliwa. Kwa hiyo haitoshi kuwa na orodha moja. Lazima orodha iwe na matoleo, kila toleo na namba yake na tarehe yake, na kila taarifa iseme imeandikwa kwa toleo lipi.

Juni 2012 huko Uingereza

Mtu akiuliza uzembe katika mambo haya unagharimu nini, kuna jibu lenye hesabu. Tarehe 17 Juni 2012, mafundi wa kundi la benki za RBS, ambalo lilikuwa na NatWest na Ulster Bank, waliweka toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku kwenye meinfremu zao. Programu hiyo haihesabu fedha za mtu. Kazi yake ni kusema: kazi hii kwanza, ile baada yake, hii nyingine ingoje mbili zilizotangulia. Karibu kila kitu cha benki kinaegemea juu yake.

Mafundi waliona toleo jipya lina matatizo. Tarehe 19 waliamua kuliondoa na kurudisha la zamani, bila kujaribu kwanza matokeo ya kurudi nyuma. Kumbe matoleo hayo mawili hayakuelewana. Kazi za usiku zikavurugika, salio zikabaki za siku zilizopita, mishahara haikuingia. Waliopata shida nchini Uingereza walihesabiwa kuwa wateja milioni 6.5, na kwa Ulster Bank hali iliendelea hadi mwezi wa Julai. Novemba 2014 wasimamizi wa benki walitoza faini ya pauni milioni 56.

Hapa kilichovunjika hakikuwa kopibuku. Lakini chanzo ni ndugu wa kile tulichokwisha kueleza: kitu cha pamoja kilibadilishwa, kikarudishwa, na hakuna aliyekuwa amehakikisha wanaokitegemea wanaelewana na toleo lipi.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa mashine za wazee. Machi 2016, kijana mmoja aliondoa katika ghala la wazi la intaneti kipande chake cha msimbo kinachoitwa left-pad, chenye mistari 11, na miradi mikubwa ya dunia ikasimama kwa saa kadhaa kwa sababu ilikitegemea bila kufikiria. Desemba 2021 ilikuwa mbaya zaidi: kasoro ya usalama iligunduliwa katika Log4j, kipande cha kuandika kumbukumbu za mashine kilichokuwa ndani ya programu nyingi mno za lugha ya Java. Dawa yake ilitoka haraka. Kilichochukua majuma na miezi ni swali ambalo makampuni makubwa hayakuweza kulijibu: hiki kitu kiko wapi kwetu? Hawakuwa na orodha. Walikuwa na rundo.

Ghala moja au maghala mengi?

Zamani msimbo wa meinfremu ulikaa katika nyumba moja. Kulikuwa na maktaba za mashine, na mlinzi, yaani programu maalumu inayoandika nani amechukua nini na kimerudi kikiwaje. Kopibuku zote zilikuwa hapo. Ilikuwa nzito na ya polepole, lakini ukiuliza swali ulijua nani wa kumuuliza.

Mwaka 2005 Linus Torvalds alitengeneza Git, na leo karibu kila kijana anayejifunza programu anajua kwanza hiyo. Benki nazo zinahamisha msimbo wao wa COBOL kwenda Git. Kila kikundi kinataka ghala lake: watu wa mikopo lao, watu wa kadi lao. Ndipo swali linapozuka. Kopibuku ya mteja, inayotumiwa na wote, itawekwa kwa nani?

Njia ya kwanza ni kila ghala kuweka nakala yake. Ndiyo inayochaguliwa mara nyingi, kwa sababu haihitaji mkutano. Baada ya mwaka kuna nakala 12, kila moja imerekebishwa kidogo, na hakuna anayejua ipi ndiyo mama. Mimi naiita njia ya depo.

Ya pili ni kuweka msimbo wote wa kampuni katika ghala moja kubwa. Google inafanya hivyo kwa sehemu kubwa ya msimbo wake. Faida yake ni kwamba anayebadilisha kipande anaona palepale wote anaowagusa. Lakini inahitaji zana ambazo Google ilijijengea yenyewe, na nidhamu ya watu wote kutembea kwa hatua moja.

Ya tatu, ambayo naona inafaa mahali pengi, ni kuwa na ghala la vitu vya pamoja peke yake, lenye mwenyewe anayejulikana. Kila kipande kinatoka humo na namba ya toleo. Ghala la mikopo halichukui tu kopibuku ya mteja. Linaandika kwamba limechukua toleo la 4. Toleo la 5 likitoka, mikopo haivunjiki usiku huo. Inabaki na la 4 mpaka ikague, igeuze programu zake upya, ijaribu, kisha iandike 5. Mwenye ghala la pamoja anaweza kufungua na kusoma: hawa wako kwenye 5, hawa bado 4, huyu mmoja yuko kwenye 2 tangu miaka mitatu, apigiwe simu.

Si kila kipande kinastahili heshima hiyo. Kinachotumiwa na programu za kikundi kimoja kibaki nyumbani kwao, wakibadilishe wanavyotaka. Vikundi viwili vikizungumza kupitia kipande, hicho ni mkataba, na mkataba haubadilishwi na mmoja peke yake. Vile vya kampuni nzima, kama umbo la namba ya akaunti, viwe vichache na vibadilike kwa nadra. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kutupa kila kitu kwenye ghala la pamoja kwa sababu jina lake linavutia. Hapo ghala la pamoja linageuka tena kuwa rundo.

Zana zipo za kusaidia. IBM ina moja iitwayo Dependency Based Build, inayosoma msimbo, kuandika kila programu inategemea kopibuku gani, na kopibuku ikibadilika inageuza upya zile tu zilizoguswa. Ni msaada mkubwa, lakini ina mpaka. Zana inaona kilichoandikwa kwenye msimbo. Kuna programu zinazoita nyingine kwa jina linaloamuliwa wakati kazi inaendelea, na jina hilo haliko popote katika maandishi. Hilo zana haitaliona, kama vile mlinzi wa mlangoni asivyoona gunia linalorushwa usiku juu ya ukuta.

Kobalti ndani ya kompyuta

Turudi Lualaba. Gunia la leo linapita mikononi mwa watu wengi. Kuna ushirika wa wachimbaji, kuna SAEMAPE inayosimamia uchimbaji mdogo, kuna CEEC inayothibitisha madini, kuna forodha ya DGDA, kuna Entreprise Générale du Cobalt, EGC, kampuni ya serikali iliyo chini ya Gécamines, iliyoundwa mwaka 2019 na kupewa haki ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono. Juu yao kuna ARECOMS, mamlaka iliyosimamisha uuzaji wa kobalti nje tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaufungua kwa viwango kuanzia tarehe 16 Oktoba: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027.

Viwango hivyo vinahesabu kobalti yenyewe. Lakini kinachopakiwa kwenye malori ya kwenda Kasumbalesa mara nyingi ni hidroksidi, na humo kobalti ni takriban asilimia 30 tu. Tani 100 za mzigo ni kama tani 30 za kobalti. Programu moja ikiandika uzito wa mzigo na nyingine ikisoma namba hiyo kama uzito wa kobalti, ni kosa lilelile la nafasi ya 39 na nafasi ya 51. Hakuna aliyeiba, na hesabu imepotea mara tatu.

Ndiyo maana maana ya neno “tani”, orodha ya kariere zilizokubaliwa, namba za vyama vya ushirika, majina ya madini, vyote hivyo ni vipande vya pamoja. Vinahitaji mwenyewe mmoja, namba ya toleo na tarehe. Ushirika ukibadilishwa jina, kariere ikifungwa, orodha ya jana isifutwe, kwa sababu kuna gunia lililochimbwa jana ambalo bado liko njiani. Mchimbaji aliyefuata sheria siku ya Jumatatu asigeuzwe mhalifu siku ya Jumatano na mashine iliyosoma orodha mpya peke yake.

Kipande cha pamoja kinachomgusa mchimbaji kuliko vyote ni karatasi ya bei. Anapofika kuuza, mawe yake hupimwa kwa kifaa ambacho kila mtu Kolwezi anakiita Metorex, kifaa kinatoa asilimia, na asilimia inatafutwa kwenye karatasi ili kupata franka za kila kilo. Ripoti ile ya 2016 ilisema wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala kiwango cha madini. Watu wamebishana miaka mingi juu ya kifaa hicho, na wana haki. Karatasi imebishaniwa kidogo zaidi, ingawa ndiyo inayotoa namba ya mwisho, na kila mnunuzi anaweza kuwa na yake.

Kupima kifaa kunahitaji kifaa kingine. Karatasi haihitaji kitu. Ushirika unaoingia katika mfumo wowote wa kompyuta, uwe wa serikali au wa mnunuzi, unaweza kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: karatasi ya bei inayosomwa na mashine hii ni ya tarehe gani, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na ikibadilishwa saa nne asubuhi, mtu aliyepimiwa saa tatu atalipwa kwa ipi.